Mia Tisa kwa Elfu

Kwenye sakafu ya Chekeche, mashine ya kuchekecha urani kiwandani Itumba, neno "naam" lilikuwa limepigwa marufuku. Usicheke. Palikuwa na karatasi mlangoni, imeandikwa kwa wino mwekundu na kugongwa muhuri, kwamba atakayesema naam, au ndiyo mzee, au sawa mkuu, ataosha vikombe vya chai vya zamu nzima kwa wiki moja. Na zamu ya Itumba ilikuwa na vikombe arobaini na sita. Wageni walidhani ni mzaha, mpaka walipojikuta wamekunja mikono ya shati mbele ya karai la sabuni.

Kwa hiyo asubuhi ile Waziri wa Ulinzi alipoingia na walinzi wake watatu, akasimama katikati ya sakafu na kusema, "Leo ni siku kubwa kwa Shirikisho letu, sivyo ndugu zangu?", hakuitikiwa na mtu. Watu zaidi ya ishirini wenye makoti meupe walimtazama tu. Waziri Rwechungura alikuwa amezoea kuitikiwa tangu ujana wake, na ukimya ule ulimkera waziwazi.

"Hawa watu wako wamefundwa na nani?" alimuuliza Dakta Nyamizi Kagusa, mkuu wa kiwanda.

"Na mimi, Mheshimiwa," alijibu Nyamizi. "Karibu sana. Tunamalizia kusoma, kisha tutaongea."

Akamgeuzia mgongo, waziri mzima, akasogea kwenye kipaza sauti. "Pipa la tano. Arobaini."

Mzee Gwandu akainuka kitini, akauburuta mguu wake mbovu mpaka kwenye pipa la tano, akafuta miwani kwa ncha ya koti, akainamia geji. "Nimeona," alisema. "Arobaini."

"Mzee, kwa mwendo huo pipa la sita tutalisoma Idi," alisema Tausi Hongoli, fundi wa valvu, huku naye akija kwa upande wa pili.

"Wewe soma, acha domo."

Tausi akainama, akatazama kwa macho yake mwenyewe, wala hakumtazama mzee usoni. "Nimeona. Arobaini."

Ndipo mashine ikalia kengele moja ndogo na kuipokea namba. Mashine ile ilikuwa na masikio. Ilizijua sauti za watu wa zamu ya siku hiyo, na haikukubali usomaji wala amri yoyote mpaka isikie watatu, wa kwanza akitaja na wawili wakishuhudia. Tena ilijua kama shahidi amesimama mbele ya geji au anapiga kelele kutoka kitini. Nyamizi aliiunda hivyo kwa makusudi, na alikuwa na sababu.

Miaka kumi na minne nyuma, kabla hajawa mkuu, profesa mmoja mwenye heshima zake alisimama pale pale na kusema tangi la tatu ni tupu, miminia. Watu tisa wakasema naam. Hakuna aliyekwenda kutazama, maana utamtazamiaje mkubwa wako tangi alilokwisha kusema ni tupu? Si utaonekana unamwita mwongo? Adabu hiyo. Tangi halikuwa tupu. Wakamiminia urani juu ya urani, ikatoka nuru ya buluu mara moja tu, kama umeme wa mbali, na ndani ya mwezi wakazikwa watu wanne. Wa tatu kuzikwa alikuwa mume wa Nyamizi.

*

Ofisini Waziri hakugusa chai. Aliweka barua mezani na kuisukuma kwa kidole.

"Isome."

Nyamizi akaisoma akiwa amesimama. Ilikuwa fupi. Chekeche lipandishwe kutoka arobaini hadi mia tisa, kuanzia leo.

Hapa itabidi nikueleze kidogo, la sivyo utadhani wanabishania hewa. Urani inayotoka ardhini ni ndugu wawili waliochanganyika, mzito na mwepesi. Katika kila elfu, wepesi ni saba tu. Huyo mwepesi ndiye mwenye moto. Ukimchekecha mpaka awe arobaini kwa elfu, unachemsha maji, unazungusha mitambo, na miji yote ya maziwa inawaka taa. Ukimchekecha mpaka mia tisa kwa elfu, una bomu. Zamani kazi hiyo ilihitaji maelfu ya mashine zinazozunguka na miaka mingi. Nyamizi aligundua namna ya kuwatenganisha kwa nuru, rangi moja ya nuru inayomgusa mwepesi na kumpita mzito, na dunia nzima ikampigia makofi. Wasichokisema wapiga makofi ni kwamba jasho kubwa liko kati ya saba na arobaini. Ukishafika arobaini umeshapanda mlima, kinachobaki ni mteremko. Chekeche lilihitaji siku kumi na moja tu.

"Mashine ni ile ile," alisema Waziri. "Hatuongezi hata msumari. Ni namba tu."

"Ni namba tu," alisema Nyamizi. "Ndiyo maana nilihakikisha haitajwi na mtu mmoja."

"Ng'ambo ya mto wanatengeneza la kwao. Unalijua hilo?"

"Nimesikia uvumi. Umeniletea ushahidi?"

Waziri akavuta kiti, akaketi. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya wa kwenye sinema. Alikuwa amesoma, tena alisoma vizuri.

"Dakta, bomu la kwanza duniani lilitengenezwa kwa udongo wa wapi?"

"Shinkolobwe. Kongo."

"Enhe! Watu wetu waliyashika yale mawe kwa mikono mitupu, hawakuambiwa ni nini. Wenzao wakaenda kuyafanya bomu, wakaua miji miwili. Halafu wakatugeukia sisi, ati nyinyi msiguse, sainini hapa, nyinyi ni hatari. Miaka mia na ushee wanakaa juu ya mabomu yao wakituhubiria. Na wewe, mwana wa bara hili, ndiye utakayenikatalia?"

"Hapo hatubishani," alisema Nyamizi. "Kila neno ulilosema ni kweli na linaniuma kama linavyokuuma. Wametufanya wajinga. Sasa dawa yake ndiyo kuwa kama wao?"

"Dawa yake ni kuogopwa."

"Nikwambie nilichojifunza kwao mimi? Walianza ile kazi kwa kuhofia Wajerumani watawahi. Baadaye ikajulikana Wajerumani hawana kitu. Unadhani waliacha? Aliacha mmoja, akafunga sanduku lake akaondoka. Wengine wakaendelea, maana walishafika mbali na mkono ulishazoea. Mwishoni dhamiri zikawawasha baadhi yao, wakaandika barua ya adabu, watu kama sabini wakatia saini, wakiomba lisidondoshwe juu ya watu bila onyo. Barua haikumfika mwenye uamuzi. Bomu lilifika." Akaikunja ile amri mara mbili na kumrudishia. "Kwa hiyo mimi sitaandika barua, Mheshimiwa. Barua huandikwa na aliyekwisha kulitengeneza."

"Waafrika Kusini waliyatengeneza."

"Sita. Na wakayavunja wenyewe. Waulize kwa nini."

Waziri akainuka, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Nyamizi.

"Luteni Kalunde yuko wapi siku hizi?"

Kalunde alikuwa binti wa pekee wa Nyamizi, na Waziri alijua vizuri sana aliko. Alikuwa Kasongwe, kwenye handaki ukingoni mwa mto, na askari mia mbili, wakitazamana na vifaru vya Ng'ambo.

"Wakivuka," alisema Waziri, "wataanza na yeye. Bomu moja tu ghalani kwetu, hawavuki. Mama gani atakataa kumkinga mwanawe?"

Sitakudanganya kuhusu Nyamizi. Aliogopa. Akaelekea mlangoni, akasema, "Twende sakafuni. Neno hili si la ofisini."

*

Ilikuwa saa sita kasorobo mchana. Saa sita zamu hubadilika, na Waziri alikuwa amejipanga. Nje ya geti lori la jeshi lilikuwa limesimama, na ndani yake mafundi watatu kutoka chuo cha jeshi. Majina yao yalikuwa yameshaingizwa kwenye zamu ya mchana. Sauti zao mashine ingeanza kuzipokea saa sita kamili.

"Nakupa nafasi ya heshima," Waziri alimwambia Nyamizi mbele ya watu wote. "Neno la mia tisa litajwe na mwenye mashine. Ukikataa, baada ya robo saa litatajwa na wengine, na jina lako litafutwa kwenye kila kitu ulichokiunda. Taja."

"Sitaji."

Sakafu nzima ilimsikia. Waziri akamgeukia Mzee Gwandu. "Wewe mzee wangu. Sauti yoyote ya zamu inaweza kutaja, si ndiyo? Wewe ni mtu mzima, unajua maana ya kumtii mkubwa. Taja, kisha mwambie huyu binti wa valvu aitike."

Gwandu akavua miwani.

"Mheshimiwa, shikamoo yako nitakupa, maana cheo chako ni kikubwa," alisema. "Ila mimi ni mmoja wa wale tisa. Aliyemiminia tangi la tatu ni mimi, kwa mkono huu. Profesa alisema tupu, nikasema naam, kwa adabu zangu zote nilizolelewa nazo kwetu. Huu mguu ni wa siku ile. Tangu hapo nimeapa, sitasema nimeona kitu ambacho sijakiona. Wewe umeuona huo mji unaotaka kuuchoma?"

"Hakuna anayetaka kuuchoma mji! Ni kinga!"

"Basi kinga hiyo inakinga kwa kuwaambia wenzetu tutawachoma. Na wao watatuambia hivyo hivyo. Hapo nani atajua nani anatania?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akajizuia. Waziri akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya geji, akaipandisha sauti.

"Mama?"

Ilikuwa sauti ya Kalunde. Nyuma yake upepo ulivuma na mtu alikuwa akitoa amri.

"Nipo, mwanangu."

"Wameniambia unakataa. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mama, tumehesabu vifaru arobaini na vitatu. Leo asubuhi wamevigeuza midomo huku." Akavuta pumzi. "Mama, taja hiyo namba. Tafadhali. Naogopa."

Kalunde hakuwahi kusema naogopa tangu alipokuwa na miaka sita. Watu wote walikuwa wanatazama viatu vyao, hata walinzi.

"Najua unaogopa. Mimi naogopa kukushinda."

"Basi taja!"

"Kalunde, nikitaja, hapo ulipo ndipo patakapopigwa kwanza, maana wao hawatangoja tuwe nalo. Na likishakuwepo, kuna Mwalo, ule mji wao, watu laki tatu, wana shule, wana wagonjwa..."

"Usinifundishe, Mama! Mimi si mwanafunzi wako. Niko handakini. Hizo hesabu zako za laki tatu, mimi nimo? Mimi ni mmoja, si ndiyo? Mmoja kwa laki tatu."

Neno lile lilimchoma kwelikweli. Alitamani kumwambia mwanawe kwamba hapana, wewe si namba. Lakini hata hao wa Mwalo hawakuwa namba, na kila mmoja wao alikuwa mmoja tu kwa mtu fulani.

"Hapana, mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Sitaji."

Simu haikukatwa. Waziri akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika nane.

"Basi tumemaliza," alisema. "Kaa pembeni."

Nyamizi hakukaa pembeni. Alijifuta uso kwa kiganja, akaenda kwenye kipaza sauti kama afanyavyo kila siku, akasema kwa sauti yake ya kazi, "Pipa la kwanza mpaka la ishirini, pamoja na ghala. Saba."

Waziri hakuelewa. Alidhani ni usomaji wa kawaida, alikuwa akimwashiria mlinzi akafungue geti. Lakini mafundi wote walielewa, na kila mmoja aliganda alipokuwa. Saba ni jinsi ilivyotoka ardhini. Nyamizi alikuwa ameiambia mashine ifungue valvu za makapi, walikotupwa wazito, na kuwachanganya tena wale ndugu wawili, kila tone la miaka sita, mpaka pasiwe na cha kuteremka nacho. Wakishachanganyika, ingechukua miaka sita mingine kuwatenganisha.

Mzee Gwandu akasimama. Safari hii hakuna aliyemtania mwendo wake. Akauburuta mguu mpaka kwenye ubao wa valvu, akafuta miwani, akainama, akatazama njia yote kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Nimeona," alisema. "Saba."

"Saba ni nini?" aliuliza Waziri. "Nimeuliza, saba ni nini?"

Tausi alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwenye ubao, amekunja mikono kifuani. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano kwenye chumba cha watoto cha kiwanda, ng'ambo ya ua.

"Mama," alimwambia Nyamizi, "na taa?"

"Mitambo ya umeme ina urani yake tayari, kuni za miezi kumi na minane," alijibu Nyamizi. "Baada ya hapo mgao, na mahali pengine giza. Sikufichi. Hospitali zitaumia, zikikosa cha kuwashia. Watu watanilaani, na watakuwa na haki."

"Na mimi?"

"Wewe watakufunga. Tausi, usiseme kwa ajili yangu, wala kwa kuniheshimu. Nenda ukatazame. Ukiona sivyo, nyamaza."

Sasa Waziri alikuwa ameelewa. Uso ulimbadilika. "Mzibeni mdomo!" alipiga kelele. "Yule binti, mzibeni mdomo!"

Walinzi wakaruka. Hawakufika. Makoti meupe yalikuwa yamesogea, taratibu, bila mtu kuinua mkono, mafundi ishirini na ushee wakajazana kati ya walinzi na ubao wa valvu. Walinzi waliwasukuma, wakarudi kusimama pale pale. Mmoja akapapasa bastola, mwenzake akamdaka mkono, "Una wazimu? Katikati ya haya mapipa?"

"Binti!" Waziri alibadilisha sauti, akaanza kubembeleza. "Sikiliza, mwanangu. Una mtoto mchanga. Atakua bila mama, kwa ajili ya nini? Kwa ukaidi wa mwanamke mmoja? Nyamaza tu dakika nne. Kunyamaza si kosa."

Tausi alikuwa akilia. Akatembea mpaka kwenye ubao, akainama, akaanza na valvu ya kwanza. Hakuharakisha. Alizitazama zote ishirini, kisha ya ghala, kisha akarudia ya kumi na moja kwa sababu kioo chake kilikuwa na ukungu, akaufuta kwa kidole. Mtu wa nje angesema anapoteza muda. Ndivyo alivyofundishwa, na siku ile hakuona sababu ya kufanya kazi mbovu.

"Nimeona," alisema. "Saba."

Kengele ndogo ikalia. Chini ya sakafu mabomba yakaanza kuguruma, moja baada ya jingine, mpaka vikombe vikatikisika kwenye sinia. Waziri akakimbilia kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili. "Simamisha! Arobaini! Rudi arobaini!" Mashine haikumjua. Ilipogonga saa sita, mafundi wa jeshi wakaingia na vitambulisho vyao shingoni, na walichokikuta kwenye mageji yote ni saba, namba ambayo hawakufundishwa la kufanya nayo.

"Unajua ulichofanya?" Waziri alisema, pumzi zikimpaa. "Umeivua nguo nchi. Umewazimia watu taa."

"Baada ya miezi kumi na minane, Mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Katika muda huo nenda Ng'ambo ukawaambie wakaguzi waje watupime, sisi na wao pamoja. Waambie huku hakuna. Kwa mara ya kwanza utakuwa unasema ukweli unaopimika. Na ukishindwa, niite, nitakuja kukuchekechea tena mpaka arobaini, si zaidi, hata nikiwa na pingu."

"Utanyongwa wewe."

"Huenda."

Wakamfunga pingu. Gwandu alinyoosha mikono yake mwenyewe kabla hajaambiwa. Tausi aliomba amnyonyeshe mtoto kwanza, na mlinzi aliyemdaka mwenzake mkono akasema atampeleka, bila kumwangalia Waziri. Mafundi wengine hawakuondoka. Walibaki wamesimama wakiimba namba za mageji kwa zamu, saba, nimeona, saba, nimeona, na askari hawakujua wawakamate kwa kosa gani.

Simu ilikuwa bado mezani, taa yake inawaka. Nyamizi akawaponyoka hatua mbili, akainama juu yake, mikono nyuma.

"Kalunde. Upo?"

Upepo ulivuma muda mrefu.

"Nipo."

"Umesikia?"

"Nimesikia yote." Sauti ya binti ilikuwa imekauka. "Vifaru bado viko pale pale, Mama."

"Najua."

"Nimekukasirikia. Sijui kama nitakusamehe."

"Usinisamehe kwa simu," alisema Nyamizi, huku mlinzi akimshika begani. "Ishi, mwanangu. Kisha njoo na hasira zako zote gerezani, unikalie mbele, unitukane. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize."